Mtoto ni wa Ng'ombe

"Soma kwa sauti," alisema Ntate Tšepo Ralitau. "Sista naye asikie."

'Mapuleng Sehloho hakupenda kuamrishwa, hata na mtu aliyemkodi. Alikuwa amekula miaka mingi katika upelelezi wa polisi kule Maseru, akastaafu, akafungua ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la mablanketi, na kama kuna jambo alilolibeba kutoka kazini ni hili: mteja anayekuhimiza usome upesi ameshajua anachotaka kusikia. Hata hivyo aliinamia kitabu. Ofisi ya parokia ilinuka mafuta ya taa ya hita iliyokuwa miguuni pao, na nje ya dirisha barafu ya alfajiri ilikuwa haijayeyuka bado kwenye kivuli cha kanisa.

Maandishi yalikuwa ya Kilatini, lakini Kilatini cha vitabu vya ubatizo ni kilekile ukurasa hadi ukurasa. Ukishajua neno la "mwana wa" umeshajua nusu ya lugha.

"Khauhelo Josefu," alisoma. "Amezaliwa Juni 1962. Mwana wa Petrose Ralitau na wa Agnes Ntsoaki Letuka."

"Hapo hapo! Rudia jina la mama."

"Agnes Ntsoaki Letuka."

"Umesikia, Sista?" Ntate Tšepo alijipiga goti. Alikuwa mtu mzito, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kofia aliivua kanisani tu. Alipoingia ofisini aliirudisha kichwani. "Ntsoaki! Si 'Malineo. Siku marehemu mama yetu alipochinjiwa kondoo wa kupokewa kwa Ralitau aliitwa 'Malineo, na tangu siku hiyo hakuna kinywa kilichomwita Ntsoaki, hata cha baba yake mzazi. Sasa Padri kaandika Ntsoaki. Maana yake nini?"

Sista Ernestina ndiye aliyeshika funguo za kabati, na hakuwa mtu wa maneno mengi. "Maana yake alikuwa bado kwao," alisema. "Mke wa mtu haitwi jina la usichana. Ni kumtukana yeye, na kumtukana mumewe."

"Na mtoto ni wa ng'ombe," akamalizia Ntate Tšepo. "Kama ng'ombe hawajatoka kwetu kwenda kwao, mtoto ni wa kwao. Sisi hatukatai damu, 'M'e 'Mapuleng. Tunakataa nyumba. Kazi imekwisha. Niandikieni karatasi yangu mgonge muhuri."

Mzee Petrose Ralitau alikuwa amelazwa chumba cha maiti mjini, na maziko yalikuwa Jumamosi. Tšepo ndiye aliyekaa naye uzeeni, akamwogesha, akamlisha uji wa mtama kwa kijiko. Kisha msiba ulipotangazwa, akashuka kutoka milimani mtu wa umri wa kupita sitini, amejifunga blanketi la kahawia, akasema yeye ni Khauhelo, mtoto wa kwanza wa marehemu, aliyelelewa kwa akina Letuka, kwa wazazi wa mama yake, na kwamba ana ombi moja. Hakutaka shamba wala mifugo. Alitaka kutupa udongo wa kwanza kaburini, kama inavyompasa mwana mkubwa. Tšepo alimjibu kwamba udongo wa kwanza hautupwi na mgeni. Wazee wakagawanyika, chifu akakataa kubahatisha. Akasema Ijumaa asubuhi aletewe ushahidi wa kanisa, na atakayeshindwa asimame nyuma pamoja na majirani.

"Kitabu cha ndoa?" aliuliza 'Mapuleng.

Sista alikuwa ameshakitoa. Walikipekua ukurasa kwa ukurasa, miaka ya kabla ya Khauhelo na miaka ya baada yake. Petrose Ralitau hakuonekana kufunga ndoa na mtu yeyote.

"Walifunga wapi basi, Ntate?"

"Nani anajua? Baba alikuwa mtu wa kuhamahama na kazi za barabara. Lakini shangazi yetu anasema ng'ombe walikwenda mwaka wa theluji kubwa, sitini na nne. Huyo bwana ana miaka miwili tayari! Anatembea, anaomba chakula!" Akainuka na kujifuta vumbi lisilokuwepo. "Mimi nina ng'ombe wa maziko wa kutafuta. Mkimaliza, nipigieni."

Pikapu yake ilinguruma, ikateremka kuelekea barabara kuu. 'Mapuleng hakuondoka kitini.

"Hatuandiki?" aliuliza Sista.

"Tutaandika. Naomba nikae nacho kidogo."

"Kitabu hakitoki machoni pangu."

"Basi kaa nami, Sista. Leta na ufumaji wako."

Mwandishi hajulikani kwa mstari mmoja. Kule polisi, wakiletewa barua ya vitisho, 'Mapuleng alikuwa akitaka kwanza barua za kawaida za mtu yuleyule, za salamu na za kuomba likizo, ili ajue huwa anaandikaje asipokuwa na ubaya wowote moyoni. Kwa hiyo aliuacha ukurasa wa Khauhelo akarudi nyuma, kisha akaenda mbele, kidole chake kikishuka kwenye majina ya akina mama peke yake. Mwandiko ulikuwa wa mkono mmoja, umelala upande, na kila ubatizo ulitiwa sahihi ya Padri Gélinas.

"Mkanada," alisema Sista juu ya sindano zake. "Alibatiza nusu ya bonde hili."

Kidole kikasimama.

"Sista, mama yake chifu wa sasa aliitwaje?"

"Bibi 'Mamotena. Apumzike kwa amani."

"Alizaa watoto wangapi?"

"Saba. Kitinda mimba wake nilifundisha naye shule moja. Kwa nini?"

"Njoo umwone mama wa huyo kitinda mimba."

Sista aliweka ufumaji, akavaa miwani, akainama. Alisoma mara ya kwanza kwa midomo tu. Mara ya pili alisoma kwa sauti: "Maria Nthofeela Thaane." Ndipo kicheko kikamtoka, kicheko cha msichana wa bweni, mpaka akaushika msalaba wake usigonge meza. "Yesu wangu! Mke wa chifu, ana watoto saba, na Padri anamwita kama kijakazi wa kuchota maji!"

"Hakumtukana. Soma anayefuata. Na huyu, na huyu wa chini yake. Hawa wote unawajua, ni wake za watu."

Sista alisoma, na kicheko kikapungua. Kila mama alikuwa na jina la kwao. Hakukuwa na 'Ma yeyote kitabuni, yaani "mama wa fulani", mwenye ndoa wala asiye nayo, mpaka walipofika mwaka 1967 mkono ulipobadilika. Hapo aliingia Padri Mohlalisi, Mosotho wa hapa hapa, na ghafla akina mama wote wakawa 'Ma huyu na 'Ma yule, kana kwamba bonde zima liliolewa wiki moja.

'Mapuleng alikuwa na sababu yake ya kujua uzito wa jina hilo. Yeye mwenyewe alipewa lake, mama wa Puleng, siku alipoingia ukweni, kabla hajabeba mimba yoyote. Akazaa wavulana watatu, na Puleng hakuja kamwe. Hakuna aliyewahi kufikiria kumpa jina jingine. Ndiyo maana Mosotho akiona jina la usichana mahali pa mama, moyo wake unaruka moja kwa moja kwenye aibu, na hauulizi ni nani aliyeshika kalamu.

"Nilikaa Kanada nikiwa mnovisi," alisema Sista polepole. "Makaburini kwao mke amelala ubavuni mwa mumewe, na juu ya jiwe ameandikwa jina la baba yake. Nilimwuliza mama mkuu kama hao wawili walikufa wamekosana. Alinicheka wiki nzima."

"Ndivyo alivyofundishwa huyu naye. Kwao kitabu humshika mwanamke kwa jina alilozaliwa nalo, aolewe asiolewe. Akaja na kalamu yake, akaandika kama kwao, na sisi tumesoma kama kwetu." 'Mapuleng alikirudisha kitabu kwa Khauhelo. "Jina hili halisemi kwamba aliolewa. Halisemi kwamba hakuolewa. Ni jina tu."

"Na mimi nilimkubalia Ntate Tšepo pale pale," alisema Sista.

"Ningemkubalia hata mimi. Hebu tumtafute na yeye."

Walimpata mwaka 1965, mkono uleule umelala upande. Tšepo Filipo, mwana wa Petrose Ralitau na wa Agnes Ntsoaki Letuka. Herufi kwa herufi, kama kaka yake.

"Mkuki kwa nguruwe," alisema Sista, na hakuona haja ya kuumaliza msemo.

Wakati wa chai 'Mapuleng alikuwa ameshaanza kujipinga mwenyewe. Alikuwa amebomoa ua wa Tšepo, lakini hajajenga nyumba ya Khauhelo. Sista alimwonyesha kwamba kwa wasichana waliozaa bila ndoa Padri Gélinas aliacha nafasi ya baba tupu, maana alikuwa mkali, na kwa Khauhelo baba alikuwepo. 'Mapuleng akajibu kwamba kijana mwenye haya kidogo angeweza kufika mwenyewe kanisani akajitaja. Sista akakubali kwamba iliwahi kutokea.

"Mama alibatizwa wapi?" aliuliza 'Mapuleng.

"Akina Letuka wote ni wa Emausi, kule juu." Sista alimtazama, akaelewa swali kabla halijaisha. "Ndiyo. Ukifunga ndoa popote duniani, padri anayekufungisha anapaswa kutuma habari parokia iliyokubatiza, na wao wanaandika pembeni mwa jina lako. Kama alituma. Kama ilifika. Kama waliandika."

"Kama panya hawajala."

"Hilo nalo tuliombee."

*

Kabla ya kupanda milimani 'Mapuleng alipitia msibani. Shangazi Mathilda, dada wa marehemu, alikuwa ameketi kwenye godoro pamoja na wanawake wengine, blanketi mpaka kidevuni, na macho yake makali yalimfuata kila aliyeingia kuona kama amejipangusa viatu.

"Shangazi, umesema ng'ombe walikwenda mwaka wa theluji."

"Nimesema, na nikiamshwa kaburini nitasema. Nilikuwa msichana, nimebeba chungu cha pombe kichwani, theluji mpaka hapa." Alionyesha paja. "Ng'ombe mmoja alianguka, tukamvuta kwa kamba kama mlevi."

"Walikwenda wangapi?"

"Wanne."

"Akina Letuka waliridhika na wanne? Binti mzuri vile?"

"Walikuwa wa mwisho, kwa nini wasiridhike?"

'Mapuleng alikishusha kikombe chake. "Wa mwisho?"

"We mwanamke, wewe ulilipiwa siku moja? Hilo zizi liko wapi, na mimi nikaolewe?" Wanawake wakacheka chini ya mablanketi yao, kisha wakakumbuka walipo. "Ng'ombe huenda kidogo kidogo mpaka watu wanaota mvi. Wa kwanza walipelekwa na kaka zangu. Mimi nilikuwa bado nafundishwa kusoma."

"Na Khauhelo?"

"Khauhelo gani? Alikuwa hajatungwa hata mimba!"

"Shangazi! Mbona hukumwambia Tšepo?"

"Tšepo hakuniuliza ng'ombe wa kwanza. Aliniuliza ng'ombe niliowaona." Alijivuta blanketi. "Tena aliniuliza huku anatazama simu. Na barazani kwa wanaume, nani anamwita mwanamke aje ahesabu mifugo?"

Maneno hayo yalimfurahisha 'Mapuleng, lakini hayakumtosha. Chifu alikuwa ametaka neno la kanisa, na bibi mmoja dhidi ya mwenye duka angemezwa kabla ya chakula cha mchana.

*

Gari lake lilikataa kilima cha mwisho. Alimalizia kwa miguu, koti limefungwa mpaka shingoni, akamkuta Padri Kopano wa Emausi juu ya paa akipigilia bati. Alikuwa kijana, amevaa buti za mvua na blanketi juu ya kanzu, na aliteremka ngazi kwa furaha ya mtu ambaye hajapata mgeni tangu theluji ianze.

"Agnes Ntsoaki Letuka," alirudia, akipuliza vumbi kwenye kitabu. Pembe moja ilikuwa imeliwa. "Alizaliwa lini?"

"Arobaini na moja, au karibu na hapo."

Hakuwepo arobaini na moja. Hakuwepo mwaka uliofuata, wala uliotangulia. Padri alikuna kichwa, akaanza kuomba radhi kwa niaba ya panya, lakini 'Mapuleng alikuwa anatazama kitu kingine. Katika kurasa hizo zote hakukuwa na Letuka hata mmoja.

"Padri, hawa Letuka walikuwa Wakatoliki tangu zamani?"

"Wale? Babu yao alikuwa mzee wa kanisa la Kiprotestanti, mgumu kama jiwe. Watoto wake..." Akajipiga paji la uso. "Watoto wake walibatizwa wakubwa! Walipoanza shule ya masista. Tunamtafuta mtoto mchanga, kumbe ni binti wa darasani."

Walimkuta mwaka 1952, kwenye kundi la wasichana waliobatizwa Pasaka moja. Pembeni mwa jina lake, kwa wino mweusi zaidi na mkono mwingine, kulikuwa na mistari miwili iliyobanwa. 'Mapuleng aliisoma kimya. Kisha akampisha Padri naye asome.

"Ameolewa na Petrose Ralitau, kanisani Leribe, Januari 1961," alisema Padri, akapiga makofi. "Umempata!"

"Bado. Pembeni pa ukurasa pangeweza kuandikwa juzi."

Padri aliona kama ametukanwa kidogo, lakini alikubali. Walifungua kurasa nyingine, wakatafuta mkono ule mwembamba pembeni mwa majina ya watu wengine, na wakaukuta mara nyingi, wino uleule mweusi, mpaka mwishoni mwa miaka ya sitini. Baada ya hapo haukuonekana tena. Padri alisema mwenye mkono huo amezikwa nyuma ya kanisa, naye 'Mapuleng akatoka nje akausome mwaka kwenye jiwe. Ukutani pa makaburi ndipo simu iliposhika mtandao. Aliipigia parokia ya Leribe, akangoja huku meno yakigongana, mpaka karani wa kule aliporudi na kitabu cha ndoa na kumsomea majina yaleyale, mwezi uleule, na mashahidi wawili. Shahidi mmoja alikuwa Letuka.

Januari sitini na moja. Khauhelo alizaliwa Juni ya mwaka uliofuata. Padri aligonga muhuri wake kwa nguvu kiasi cha kutikisa meza.

*

Ntate Tšepo alikuwa zizini, akimkagua ng'ombe wa maziko, alipomwona 'Mapuleng anakuja Alhamisi alasiri. Aliipokea karatasi, akaisoma amesimama, akaisoma tena.

"Hii ni nini?"

"Ni ndoa ya wazazi wako, Ntate. Mwaka na zaidi kabla ya Khauhelo."

"Na Ntsoaki je? Tuliliona wote lile jina!"

"Tuliliona vibaya. Padri aliandika hivyo kwa wake wote, hata mke wa chifu."

"Nilikukodi mimi."

"Ulinikodi nitafute. Nimetafuta."

Ntate Tšepo alitazama kuelekea nyumbani, ambako wanaume walikuwa wamekaa kuzunguka moto. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka. "Chifu hajui kwamba ulikwenda Emausi. Anajua ulikwenda parokiani tu. Ile karatasi ya ubatizo wa Khauhelo peke yake inatosha."

"Haitoshi. Kesho ukimpa jina la Ntsoaki, ataniuliza mimi lina maana gani, nami nitamfungulia mwaka sitini na tano." 'Mapuleng akampa karatasi ya pili, nakala ya ubatizo wake mwenyewe, iliyogongwa muhuri na Sista Ernestina. "Soma jina la mama yako, Ntate. Kama Khauhelo ni mtoto wa Letuka, na wewe ni mtoto wa Letuka. Mtasimama nyuma wote wawili, na baba yenu atazikwa na majirani."

Ntate Tšepo alisoma. Aliivua kofia, akaketi juu ya mawe ya zizi, na mtu yule mzito akalia waziwazi, bila kujificha.

"Nimemwogesha mimi," alisema. "Usiku akipiga kelele niliamka mimi. Huyu alikuwa wapi? Leo anakuja na blanketi lake, anasema yeye ni wa kwanza. Mimi ni nani basi?"

"Wewe ndiye uliyemwogesha. Hilo hakuna kitabu kinachoweza kukunyang'anya."

'Mapuleng alimhurumia kweli, na alishangaa kujiona anamhurumia. Alikaa karibu naye mpaka alipomaliza. Ng'ombe alikuja akanusa kofia.

"Nitamwambia mimi mwenyewe," alisema hatimaye Ntate Tšepo, akajipangusa uso. "Wewe njoo, ili asidhani ni hila."

Khauhelo alikuwa nyuma ya nyumba akipasua kuni. Hakuna aliyemwagiza. Tangu afike alikuwa amejitafutia kazi za pembeni, zile ambazo mgeni hazimletei lawama. Alipowaona aliweka shoka chini kwa adabu na kusubiri, kama mtu aliyezoea kuambiwa habari na wengine.

"Kaka," alisema Tšepo.

Neno hilo lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake.

"Kaka, udongo wa kwanza ni wako. Walikuwa wamefunga ndoa. Nilikosea, na kesho nitakwenda kumwambia chifu mbele ya watu kwamba nilikosea."

Khauhelo hakuchekelea. Hakumshika hata mkono. Alimgeukia 'Mapuleng. "Walifunga ndoa lini?"

"Januari ya sitini na moja, Ntate. Leribe. Na ng'ombe wa kwanza walikuwa wameshakwenda kwa Letuka."

"Kabla yangu."

"Kabla yako. Wewe ni mtoto wa nyumba hii, tangu siku ya kwanza."

Alikaa juu ya gogo la kupasulia, taratibu, magoti yakimsumbua. Tšepo alimtazama 'Mapuleng, akitafuta msaada.

"Watoto wenzangu walikuwa wananicheka," alisema Khauhelo. "Nikamwuliza bibi: kwa nini sikai na baba yangu? Bibi akasema, ulizaliwa kabla ya ng'ombe, mwanangu, si kosa la mtu. Basi, nikatulia. Siku moja baba alipita na farasi. Nilimjua, watu walinionyesha. Nilimletea maji, nikamwita Ntate, kama mtoto amwitavyo baba, akanywa, akarudisha kikombe, akaenda zake. Sikumlaumu. Nilisema, ni sheria ndiyo iliyotutenganisha, angefanya nini? Nimesema hivyo maisha yangu yote." Aliinua uso. "Sasa mnaniambia sheria haikuwemo. Basi aliniacha kwa nini?"

'Mapuleng alikuwa amejibu maswali mengi ya watu wengi, mahakamani na nje yake. Alifikiria vitabu vyote vitatu. "Vitabu vinaandika nani alizaliwa na nani, Ntate," alisema. "Hilo havikuliandika."

Ndani ya nyumba wanawake walianza wimbo wa jioni wa maombolezo, na sauti ya shangazi ilikuwa juu ya zote.

Khauhelo aliinuka, akaokota shoka, akapasua gogo moja, na jingine. Hakugeuka aliposema.

"Jumamosi nitautupa huo udongo. Nilikuja kumuaga baba ambaye sikuwa na neno naye. Sasa ninalo, na hasikii."